Sifuri ya Mkono

Kila asubuhi, kabla ya kazi,
mkono wa chuma hujitafutia kwao.
Hujivuta polepole, kifundo baada ya kifundo,
hadi uguse swichi ndogo iliyofichwa begani:
tik.
Hapo ndipo unapojua, hii ndiyo sifuri,
kuanzia hapa naweza kuhesabu.

Utaratibu huo nimeuandika mara nyingi kuliko jina langu.

Odense nilifika na sanduku moja na koti la kuazima.
Gorm akanipa ufunguo, kikombe, na somo la kwanza:
"Hapa hatusifiani. Ukiona kimya, ujue umefanya vizuri."
Miaka minne nikanyamaziwa.
Nilidhani wananichukia,
kumbe nilikuwa napandishwa cheo.

Kisha Daegu, ghorofa ya kumi na saba, sakafu yenye joto.
Bwana Pyo alinifundisha kumimina kinywaji kwa mikono miwili,
kwa heshima ya anayemiminiwa,
na mchana tukaifundisha roboti kumimina kwa mmoja.
Tulivunja glasi mia tatu na kumi na mbili.
Aliziandika zote, na tarehe zake,
kwenye daftari la shule la bintiye.
Nilipoaga akanipa ya mia tatu na kumi na tatu,
nzima,
imefungwa kwa gazeti nisiloweza kulisoma.

Na Turin.
Turin sipendi kuisimulia.
Ornella alikuwa amefunga masanduku ya chokoleti
miaka thelathini na mmoja.
Nikamvisha glavu yenye vihisi,
nikamwambia, fanya kama kawaida.
Akacheka. "Kawaida yangu ni kiuno kuuma.
Hiyo nayo utaipima?"
Kidole gumba chake kilikuwa na siri:
kabla ya kukunja pembe kiliipapasa karatasi mara moja,
kama mama apimaye homa ya mtoto aliyelala.
Siku tisa niliisaka siri ile kwenye namba.
Nikaipata.
Wiki ya kumi na moja kabati lake lilikuwa wazi,
ndani hanga moja ya waya.
Mashine ingali inapapasa.
Vijana wa zamu hawajui kwa nini,
wanasema inapoteza robo sekunde.
Mstari ule sikuufuta.

Husemwa mwacha kwao ni mtumwa.
Mimi nimeacha mara tatu, kwa mshahara mzuri,
na kila nchi ina fomu yake, na kila fomu
ina kisanduku kinachouliza anwani ya kudumu.
Hujaza: Ruse, nyumba ya baba,
ghorofa ya pili, kengele haifanyi kazi.

Baba alitengeneza redio.
Aliweza kuchomea waya mwembamba kama unywele
huku anabishana na jirani kuhusu mpira.
Sasa mkono wake wa kulia unatetema,
mara tano kwa sekunde. Nimehesabu bila kutaka.
Kwenye mashine, mtetemo huo ni kichujio cha mistari sita,
ningeumaliza kabla chai haijapoa.

Supu ya maharage inamwagika juu ya kitambaa.
Namshika kifundo.
"Niache, Radostina. Ngoja."
Kiwiko chake kinatambaa juu ya meza,
kinatafuta, kinapita mkate, kinapita chumvi,
kinafika ukingoni, pale mbao ilipolika,
kinajikita.
Sikusikia tik.
Lakini kijiko kilipanda,
na supu, kama nusu yake, ikafika.

"Umeona?" akasema, mdomo umejaa.

Tikiti ya Montreal imo mkobani, ya Jumapili.
Sijamwambia.
Nachukua ile glasi ya Bwana Pyo kabatini,
nammiminia maji
kwa mikono miwili.