Sufuria ya Maestra Encarna

Jumanne, saa moja na nusu usiku,
juu ya duka la kufulia kwa sarafu, barabara ya Holderness, Hull,
darasa letu la Kihispania lanuka sabuni.
Mimi mchana kutwa nimefua shuka za hospitali;
pua yangu haijui kama kazi imekwisha.

Maestra Encarna leo hakuleta kitabu.
Kaleta zabibu za kijani, sufuria, na mwiko wa mbao.
Kwetu Teruel, asema, mwaka ukigeuka,
kila pigo la saa, zabibu moja. Kumi na mbili.
Ukichelewa kumeza, mwezi wako mmoja unapwaya.
Saa ya ukutani ilikufa zamani,
basi akaifudikiza sufuria, ikawa mnara.

Ngo. Ngo. Ngo.
Bwana Stubley, dereva mstaafu wa malori,
anayeota kibanda chenye jua Almería,
alikwama mwezi wa nane.
Tukampiga mgongoni. Agosti ikatoka nzima,
ikabingirika chini ya meza.

Meza.
Siku ya kwanza Maestra aligonga ubao, akasema: mesa,
nikataka kumuuliza, umelitoa wapi hili la mama yangu?
Kumbe ni la Wareno, jirani zao,
walilishusha pwani kwetu pamoja na bendera na mvinyo
na nyumba yao ya sala, ambayo sisi tuliiita gereza.
Hakuna aliyetutafsiria. Tulizitazama kuta, tukajua.
Niliposoma iglesia nilicheka peke yangu kwenye basi.
Na azúcar, na azafrán, na hasta,
hivyo tumechota kisima kimoja, sisi na wao,
kila mtu na kata yake.

Haya, nyinyi sasa, akasema. Kwenu mwaka unageukaje?
Kimya. Kimya cha Waingereza, kile cha kutazama viatu.
Kisha Stubley, macho bado yanamtoka machozi:
utotoni, mwanamume mwenye nywele nyeusi
alibisha hodi usiku wa manane, mkononi kipande cha makaa.
Carbón, akasema,
na kwa mara ya kwanza ile ere yake ikasimama wima.

Nikanyoosha mkono.
Nina vitenzi arobaini, vyote vya leo.
Nilitaka kusema: Makunduchi, Julai,
wanaume huingia uwanjani na mapande ya migomba
wakatandikana mpaka kinyongo kiwatoke kwa jasho;
sisi wanawake, nguo mpya, tunaimba matusi
tuliyoyafuga tumboni mwaka mzima;
kibanda cha makuti kinachomwa moto;
na nyumba isiyopata mgeni siku ile husononeka.
Kilichonitoka ni hiki:
En mi pueblo nos pegamos con bananas.
Kijijini kwetu tunapigana kwa ndizi.

Walicheka hata Kasia, asiyecheka.
Maestra hakucheka. Akanipa kalamu ya kijani.
Chora, Rukia.
Nikachora mgomba. Nje mvua ya barafu,
ndani majani yakatanda ubao mzima,
yakafunika ser, yakafunika estar,
hakuna aliyethubutu kufuta.

Usiku nilimpigia Jimena, mjukuu wangu wa Zaragoza.
Ana miaka sita. Baba yake hakumpa Kiswahili;
alisema atampa baadaye.
Nikamsimulia ndizi zangu, polepole,
kama mtu avukaye mto kwa mawe.
Akanyamaza. Nikasikia anatafuna kitu.
¿Y dolía, abuela?

Neno nililishika kichwa, mkia ukaniponyoka.
Darasa letu halijafika wakati uliopita;
Maestra ameupanga Machi.
Nikapapasa nilichokuwa nacho.
Duele, nikamwambia.
Inauma.
Duele, Jimena.