Upande wa Abiria

Jiwe lenyewe dogo, halifiki punje ya dengu.
Lilirushwa na lori la magogo kwenye kona ya Vuojärvi,
saa tatu asubuhi, giza bado zito,
nami peke yangu garini nikasema: "Haya."

Kufikia Jumanne ufa umeota miguu.
Umetoka kwenye kitone, ukapanda, ukakata kushoto,
baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri
ikiusukuma kwa kidole kimoja.
Wagonjwa wangu wa vijiji vya mbali wakauliza, mbona wachelewa?
Naendesha, nikawaambia, kama mtu asomaye barua iliyochanika.

Veijo wa gereji ya vioo ana kauli fupi kama risiti.
"Kuna viwili. Cha kampuni, chenye nembo,
kinatoka Ujerumani, wiki tatu,
euro elfu moja mia moja na arobaini.
Na hiki kilichoegemea ukuta: mia tatu themanini.
Kesho mchana unaondoka nacho."
"Na bima?"
"Bima inalipa hiki. Tofauti ni ya mfuko wako.
Gari lako lina miaka kumi na minne, halina kamera.
Lingekuwa nayo, hata nisingekuonyesha."

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja.
Najua dawa yenye jina na dawa isiyo na jina,
kidonge kile kile, sanduku mbalimbali;
nimewaapia vikongwe kwamba moyo hausomi lebo.
Basi leo ulimi umeniwia mzito kwa nini?
Wanasema rahisi ghali.
Hawasemi ghali ni nini.

Nikasema: kinyanyueni nikitazame.
Akamwita mwanawe, wakakisimamisha mlangoni,
mmoja huku, mmoja kule, kama watu wanaokunja shuka,
nami nikatazama ua kupitia humo.
Msonobari: mnyoofu.
Bomba la moshi la jirani: limenyooka.
Ndipo kulungu wa theluji, wa nani sijui,
akakatiza ua kwa nafasi yake, toka kushoto,
na alipofika pembeni kabisa, kulia,
shingo yake ikavunjika,
ikaungika, ikavunjika tena,
naye akaendelea kutafuna, hana habari.

"Umeona," akasema Veijo. Hakuwa akiuliza.
"Kioo kimepoa vibaya kiwandani.
Cha nembo hakiwi hivyo, labda kimoja katika mia.
Sikudanganyi. Lakini hapo
ni upande wa abiria."

Upande wa abiria.
Pa Tauno, aliyefungua termosi kwa meno,
aliyeniambia punguza, punguza,
hata pale nilipokuwa nimesimama.
Kila kioo kilipopata ukungu, kidole chake kilirudi:
hesabu ya samaki wa Agosti, saba, mstari, saba,
aliyoiandika kwa ndani mwaka wake wa mwisho
na mimi sikuifuta, miaka minne nafuta kote ila hapo.

Nikaelewa kwa nini nilikuwa nikisitasita.
Hakuna kioo cha asili kitakachotoka Ujerumani.
Cha asili ni hiki kilichopasuka,
na Veijo atakikata kwa waya, ataking'oa na gundi yake,
atakitupa kwenye pipa la bluu nyuma ya gereji.

"Weka hiki," nikasema.
Fedha iliyobaki nikanunua matairi manne ya misumari.

Kesho yake akanipa masharti:
usibamize mlango, acha dirisha wazi upana wa kidole,
usioshe gari siku mbili.
Kioo safi mno. Kama hakipo.
Nikapumua juu yake, ukungu ukaja, mtupu.

Kisha barabara, na misonobari ikinijia miwili miwili.
Ya kushoto ilipita wima.
Ya kulia, mmoja baada ya mwingine,
ilifika pembeni, ikainama kidogo
kama kuna mtu pale anayeegemea kutazama mwendo,
halafu ikanyooka.

Nikapunguza.