Kidole cha Anselmo

Anselmo alituambia tuzime simu.
Mvua ilikatika alfajiri, lakini msitu ulikuwa bado unavuja.
"Kule," akanyoosha kidole kilichobaki nusu;
nusu ya pili ilikwenda na msumeno,
enzi alipolipwa kuangusha miti hii hii.

Sikuona kitu. Fundo la matawi, kuvu, kichuguu cha mchwa.
Kisha fundo likajikuna.

Mkono ukashuka taratibu, kama wa mtu
anayepapasa swichi gizani, nyumba ya ugenini.
Manyoya yameota mwani. Nondo wamepanga humo, hawalipi kodi.

"Perezoso," akanong'ona. "Maana yake mvivu.
Huku Limón ndivyo tulivyombandika,
sisi tuliokuwa na haraka."

Tulikaa saa nzima.
Alikula jani moja,
na hilo hakulimaliza.