Saa Mbili za Tairi

Almaty hadi Aktobe: kilomita elfu mbili, mia mbili na kidogo.
Hiyo "kidogo" ndiyo kazi yangu.

Shehena ni vioo. Madirisha ya shule mpya,
vipande mia nne na arobaini, vimesimama wima
ndani ya fremu za mbao, kama watoto gwarideni
walioambiwa wasipumue.
Tani kumi na tisa. Nimezigawa juu ya ekseli tano
kwa penseli, nikafuta, nikagawa upya,
maana shairi likipotoka mizani hukemewa tu,
lori likizidi mizani hulipishwa.

Ni Julai. Lami ya nyika inalegea kama nta,
na magari mazito yamekatazwa jua likiwa juu:
saa nne asubuhi hadi saa nne usiku
gurudumu lisisogee.
Basi ninapanga safari ya popo.
Usiku wa kwanza, alale Shymkent. Wa pili, Kyzylorda.
Wa tatu aivuke Aral kungali giza,
akimbizane na jua mpaka saa nne imkute alipo.
Wa nne, Aktobe.
Dizeli, lita mia saba na hamsini.
Maji ya kunywa, lita thelathini, kwa sababu kivuli hakuna,
na chini ya trela si nyumbani.

Orazgali hakuomba kitu.
Alisaini karatasi, akatazama buti zake, akasema,
"Njia inapita Aral, sivyo?"

Inapita Aral. Ilipita Aral kabla sijazaliwa.
Ndiko alikozikwa mama yake, mwezi Machi,
naye yuko njia ya Semey na saruji,
nimemtuma mimi.
Maiti haingoji ratiba. Walizika adhuhuri,
mwana yuko mbali siku tatu.
Ratiba ile ilikuwa nzuri, bado ninayo.
Haikuwa na dakika ya kupotea.

Husemwa msafiri kafiri.
Na anayempanga msafiri, je?

Kwenye safu ya Aral nikaandika:
kukagua tairi, saa mbili.

Bi Larisa Pak, mkandarasi, akapiga simu kabla chai haijapoa.
"Zauresh, tairi gani hizo za kukaguliwa saa mbili?
Si mlizinunua Mei?"
"Mpya ndizo za kuangaliwa," nikamwambia,
na sauti yangu ikashika njia, haikuyumba.
Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia
mashine ya zege ikizunguka, ikizunguka.
"Vioo vyangu visivunjike."
"Havitavunjika."

Mipango si matumizi.
Usiku wa tatu sikulala; nilikaa na kile kinukta cha kijani
kinachotambaa kwenye skrini kama mdudu mwenye deni.
Saa kumi na nusu alfajiri kikaacha barabara kuu,
kikavuka reli, kikasimama
mahali ramani haikuweka jina.

Dakika kumi.
Dakika thelathini. Nikamwona, bila kumwona,
akishuka kwa kinyumenyume kama madereva wote washukavyo,
miguu imekufa ganzi, kofia mkononi,
hajui kaburi ni lipi kati ya mapya,
akisoma majina kwa tochi ya kukagulia tairi.

Saa moja na dakika tano.
Kisha kinukta kikatikisika, kikarudi barabarani.

Aktobe walihesabu vioo mara mbili.
Kimoja kilikuwa na ufa, kona ya chini.
Nilimpigia Bi Larisa mwenyewe. Alisema, "Kimoja,"
kisha akasema, "Tairi zilikuwaje?"
Nikasema, "Salama."
Akasema, "Haya."

Nimefunga faili. Dizeli imelingana, mizani imelingana.
Zimebaki dakika hamsini na tano
alizonirudishia Orazgali bila neno.
Nimepitia safu zote, kushoto hadi kulia.
Hakuna pa kuziandika.