Kiini

Kisahani cha kumi na saba kimeiva usiku.
Jana kilikuwa waridi hafifu, kama ufizi wa mtoto mchanga;
leo nimefungua kabati la ubaridi, hapa Nyegezi,
nikakuta wekundu wa nyanya zilizopasuka chini ya tenga.
Masalu akachungulia begani kwangu: "Hiyo imeharibika."
Imeharibika, ndiyo. Tuliiharibu wenyewe, kwa makusudi.

Hamira hii si ile ya maandazi.
Asili yake utomvu wa mti wa nchi za theluji,
ikaja kwa ndege ndani ya kichupa kifupi kuliko kidole,
na joto letu haliwezi. Nyuzi ishirini na mbili, basi.
Umeme ukikatika naizungushia barafu ya Mwaloni,
ile ile wanayolalia sangara,
na chumba chote kinanuka vumba hadi Alhamisi.

Seli ina ngozi, na ngozi haishiki bila mafuta yake,
steroli, yanayopikwa hatua kwa hatua,
mikono mingi, chungu kimoja.
Katikati ya mapishi pana njiapanda:
huku mafuta,
huku rangi.
Sisi tulivunja hatua ya mwisho ya mafuta.
Jeni moja. Herufi chache.

Sasa sikiliza. Ndani ya seli kuna tarishi
aliyefungwa kamba ukutani.
Mafuta yakitosha, anasinzia.
Yakipungua, kamba inakatwa,
anakimbia mpaka kwenye kiini, anagonga:
Hayatoshi! Washeni majiko!
Na majiko yanawashwa.
Lakini mafuta yale hayaji, mpishi wa mwisho hayupo,
basi anagonga tena, na tena,
na kinachozidi kinateremkia upande wa rangi.
Wekundu huu ninaoushika mkononi
ni kelele za tarishi.

Nikamkumbuka mama.

Mwaka wa foleni alikuwa na mimba yangu.
Alisimama duka la ushirika tangu saa kumi alfajiri
akarudi na kibiriti kimoja.
Leo, pale Buhongwa, duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni,
sukari imejaa mpaka dari,
na chini ya kitanda chake nimehesabu kilo kumi na tisa.
Chumvi sikuhesabu.
Ndani yake kuna mtu bado anagonga.
Watoto wa jirani wanakuja na vikombe, harudi mtu mtupu,
na chai ya Bi Nyanzala inakwaruza meno kwa utamu.

Anafuga kuku wa mayai, mia moja na nne.
Wateja wananung'unika: kiini gani hiki, kama maji ya mchele?
Nikamwambia, mama, nitakuletea rangi.
"Kiini unakipakaje rangi, mwanangu, na ganda limefungwa?"
Hupaki. Kuku atakula, kiini kitajua chenyewe.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwezi uliofuata tulimwondoa tarishi naye,
ili tuwe na hakika kwamba ni yeye.
Jeni ya pili, kisahani kipya, siku tano.
Kikapauka.
Mafuta hayapo vilevile, ila hakuna wa kusema.
Masalu akapiga makofi, akapiga picha,
akaenda kununua soda.
Nikaandika daftarini: rangi imeshuka, matokeo yanakubaliana.
Sikuandika kwamba nilikifunika haraka
nikasimama dirishani, ziwa limelala kama bati jipya,
mpaka Masalu aliporudi.

Jumapili nilikwenda Buhongwa.
Mezani palikuwa na mfuko wa kaki, umefungwa kwa uzi.
Kilo ya ishirini.
Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga njia nzima.
"Iweke na wenzake," akasema, akimimina chai,
"kabla hujasahau."
Nikapiga magoti, nikainua shuka,
nikaisukuma mpaka ikagusa ukuta.