Nyuso Sita

Saa tano usiku, Ngara. Stima imerudi.
Nyamoita anapachika kidirisha:
ukibonyeza ujumbe, ukakawia kidogo,
nyuso sita zinachomoza.

Akazijaribu kwa ujumbe wa juu kabisa,
akisahau kwamba hawa ni watu wa kweli.
Mutinda, mweka hazina wa chama:
"Mama ametutoka. Mazishi Jumamosi."

Kidole kikateleza.
Uso unaocheka hadi machozi
ukatua pale chini, na moja kando yake.

Akaufuta. Mbio.
Kisha akakaa tu, chai ikishika utando.

Kesho bosi atauliza kicheko kimeenda wapi,
na hili duara lisilo na mdomo ni la nini.

Atamjibu: ni la matangani.
Unaingia, unaketi.