Upande wa Pili

Afisa wa kampuni ya tumbaku
aliingia stesheneri ya Kalunde, pale Sikonge,
bahasha mbili kwapani, mbiombio.
Ya kwanza: nakala hamsini, za rangi,
mche katika kiganja cha mtoto,
"Msitu ni uhai wetu."
Ya pili: nakala moja. Nyeusi tu.
Akalipa, akasahau chenji,
akasahau na karatasi chini ya kifuniko.

Jioni Kalunde akainua kifuniko afute kioo.
"Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati,
tunaomba tena ada ya kuni iahirishwe,
kama tulivyozungumza kwenye chakula cha jioni."
Sahihi ileile,
mkia uleule wa herufi.

Baba yake alitundika mizinga Nyahua
mpaka miyombo ikaingia mabanini, mti kwa mti,
ikatoka moshi.
Nyuki hawakuandikiwa barua.

Hakupiga kelele.
Asubuhi wakulima walikuja
kunakili fomu za pembejeo.
Kila fomu ilitoka imeandikwa mgongoni.

Mzee Kashindye akaigeuza, akaisoma, akaisoma tena.
"Hii nayo bei gani?"

"Shilingi mia, kama siku zote.
Upande wa pili ni bure."